Kinachongoja Mlinzi Alale

Oicha hakuna Chagas. Huo ni ugonjwa wa bara la Amerika, na mdudu wake, kunguni mkubwa anayenyonya damu usiku na kuacha kinyesi chenye vimelea karibu na pale alipouma, hana makao katika nyumba za udongo zilizopangana kando ya barabara ya taifa namba 4, kilomita 30 hivi kaskazini mwa mji wa Beni. Muuguzi anayehudumia watu wenye VVU katika mji huu wa kakao na mawese anaweza kustaafu bila kuliandika jina hilo hata mara moja katika daftari lake. Lakini swali ambalo Chagas imekuwa ikiwauliza madaktari wa Brazil na Argentina tangu miaka ya 1980 linamgusa kila asubuhi anapofungua mlango wa chumba chake: kitu kilicholala mwilini miaka ishirini bila kelele huamshwa na nini?

Huyo aliyelala ana historia yake. Mwaka 1909 daktari kijana Carlos Chagas alikuwa Lassance, katika jimbo la Minas Gerais, akipambana na malaria iliyokuwa ikiwaangusha wajenzi wa reli. Humo ndani ya kunguni wa nyumba za udongo alikuta kimelea kigeni, kisha akakikuta tena katika damu ya mtoto wa kike. Akakiita Trypanosoma cruzi, kwa heshima ya mwalimu wake Oswaldo Cruz. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 7 wanacho, na wengi wao hawajui. Homa ya mwanzo hupita kama malaria isiyo kali. Kisha kimelea hujichimbia ndani ya seli za misuli, hasa za moyo, na mtu huendelea na maisha. Analima, anaoa, anahamia São Paulo au Barcelona. Baada ya miaka mingi, kwa watu watatu hivi katika kila kumi, moyo huanza kutanuka na kupiga ovyo. Waliobaki huzeeka pamoja na mgeni wao bila ugomvi.

Amani hiyo ina askari wake, nao ni kinga ya mwili inayoongozwa na seli za CD4. VVU vikizila seli hizo hadi zikapungua chini ya 200 katika mikrolita moja ya damu, kimelea hutoka mafichoni. Mara nyingi hukimbilia ubongo. Mgonjwa huumwa kichwa, hupata degedege, hupooza upande mmoja au huanza kusema yasiyoeleweka, na picha ya kichwa huonyesha uvimbe unaofanana mno na ule wa toksoplazma, maradhi mengine ya wenye kinga dhaifu. Daktari huanza dawa za toksoplazma, siku zinapita, mgonjwa anakufa. Bila dawa ya Chagas yenyewe karibu wote hufa. Brazil ililitambua jambo hili rasmi mwaka 2004 ilipoiingiza Chagas iliyoamka katika orodha ya magonjwa yanayothibitisha kwamba mtu amefikia hatua ya Ukimwi.

Cha kusikitisha ni kwamba kipimo chake hakina gharama kubwa. Kimelea kinapoamka hujaa, na tone la damu au la maji ya uti wa mgongo chini ya hadubini huweza kukionyesha kikijinyonganyonga. Hadubini ipo hata katika vituo vidogo, maana ndiyo ya malaria na kifua kikuu. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza.

Kongo ina ndugu wa damu wa kimelea hicho. Trypanosoma brucei gambiense huenezwa na mbung'o na huleta malale, ugonjwa wa usingizi. Wengi hudhani kwamba kilichotokea Brazil lazima kitokee na huku: mwenye VVU akiumwa na mbung'o, malale yatamlipukia. Dhana hiyo inaingia akilini upesi, ila ushahidi haukuiunga mkono. Jacques Pépin, daktari kutoka Kanada aliyetibu malale katika hospitali ya Nioki, magharibi ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa miaka ya 1980, alitafuta uhusiano huo pamoja na wenzake. Wengine waliutafuta Daloa, Côte d'Ivoire. Hawakuona kwamba wenye VVU waliugua malale zaidi ya wengine. Tafiti hizo zilikuwa ndogo, na hazikumaliza neno, lakini zilitosha kuonyesha kwamba undugu wa vimelea si undugu wa tabia.

Sababu huenda iko katika makazi ya kila kimoja. Kimelea cha Chagas huingia ndani ya seli, mahali ambapo kinga ya mwili hukizingira na kukiweka kifungoni. Mlinzi akiondoka, mfungwa anatoka. Kimelea cha malale hakiingii ndani ya seli. Huogelea wazi katika damu na limfu, kikibadilisha koti lake kila mara kabla kinga haijakizoea, na mwisho huvuka kuingia ubongoni hata kwa mtu mwenye afya ya chuma. Anayeshindwa vita hata akiwa na jeshi kamili, kupungua kwa jeshi lake hakubadilishi sana matokeo.

Anayetafuta katika Afrika Mashariki mfano unaofanana kweli na Chagas na VVU aende kwa binamu wa tatu, kala azar. Kimelea chake, Leishmania, hujificha ndani ya seli zile zile zinazopaswa kukiua, na VVU vikija, wawili hao husaidiana kumbomoa mtu. Kaskazini-magharibi ya Ethiopia, huko Humera na Metema ambako vijana hushuka kwa maelfu kuvuna ufuta na mtama, madaktari wamezoea kuona mgonjwa anapona kala azar, anarudi nayo, anapona, anarudi tena. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya kwa wagonjwa wa aina hiyo: amfoterisini ya liposomu pamoja na miltefosini, si dawa moja. Kenya wanaijua kala azar huko Baringo na Pokot Magharibi, na Uganda huko Karamoja. Oicha, yenye misitu na mvua, haiko katika njia yake.

Basi Oicha inaingia wapi? Kwanza, katika historia ya dawa, ambayo ni ya ajabu kuliko ya wadudu.

Mji huu ni mji wa tiba tangu zamani. Mmishonari Mmarekani Carl Becker alifika hapa mwaka 1934 na kujenga hospitali msituni, ikawa maarufu kwa kambi ya ukoma iliyopokea maelfu ya wagonjwa. Uasi wa Simba wa mwaka 1964 ulimwondoa, akaenda kuanzisha kazi mpya Nyankunde, upande wa Ituri. Miaka 38 baadaye historia ikageuka: Septemba 2002 Nyankunde ilishambuliwa, watu wengi wakauawa hata vitandani mwa hospitali, na walionusurika wakatembea kwa siku kadhaa kurudi Oicha, wauguzi miongoni mwao. Kusini-mashariki kidogo, katika bonde la Semliki, wazee wanakumbuka masimulizi ya jambo jingine. Katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji uliwaondoa wakazi wa bonde hilo ukitaja malale kuwa sababu, na ardhi yao ikaishia ndani ya Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga. Kwa Wanande wa bonde hilo, neno malale lilimaanisha pia kunyang'anywa shamba.

Wakati ule Kongo nzima ilikuwa ikichomwa sindano. Timu za serikali zilipita vijijini, zikapanga watu mistari, zikawapapasa tezi za shingo, zikawachoma. Aliyetaka kusafiri alitakiwa awe na cheti cha daktari. Dawa zilikuwa suramini, zile zenye arseniki, na baadaye pentamidini, iliyochomwa mamilioni ya mara barani Afrika hata kwa watu wasiougua, kwa tumaini la kuwakinga. Sindano zilikuwa chache na watu wengi. Katika kitabu chake cha mwaka 2011 juu ya chanzo cha Ukimwi, Pépin yule yule wa Nioki alitoa hoja nzito: kampeni hizo za nia njema, kwa sindano zisizochemshwa vya kutosha, huenda zilisaidia virusi adimu kutoka msituni kusambaa kwa watu wa kutosha hadi vikashika mizizi Léopoldville, Kinshasa ya leo. Wapo wanahistoria wanaoona kwamba ameipa sindano uzito mkubwa kuliko ukuaji wa miji, reli na biashara ya ngono. Hata hivyo, hakuna anayeweza tena kusimulia habari za malale katika Kongo ya Wabelgiji bila kuvitaja VVU.

Kisha pentamidini ikafanya kituko. Nchini Marekani haikuwa na soko, kwa hiyo akiba yake ilitunzwa na kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, mjini Atlanta. Mapema mwaka 1981 mfanyakazi wa kituo hicho, Sandra Ford, alishangaa kuona daktari wa New York akiagiza dawa hiyo tena na tena kwa vijana wenye nimonia ya Pneumocystis, nimonia ambayo haikupaswa kuwapata watu wenye nguvu zao. Aliwaandikia wakubwa wake. Juni 5 mwaka huo taarifa ya kwanza ya wagonjwa watano wa Los Angeles ikachapishwa, na dunia ikaanza kuujua Ukimwi. Dawa ya malale ndiyo iliyopiga kengele. Suramini nayo ilijaribiwa miaka michache baadaye kama tiba ya VVU, kwa kuwa ilivizuia kwenye chupa za maabara. Kwa watu iliwadhuru bila kuwaponya, ikaachwa.

Mzunguko haukuishia hapo. Nifurtimoksi, iliyotengenezwa na Bayer kwa ajili ya Chagas, ilivuka Atlantiki na kuunganishwa na eflonithini kutibu malale ya Kongo. Tangu mwaka 2009 muunganiko huo umo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ulichukua nafasi ya melasoproli, dawa ya arseniki iliyoua mgonjwa mmoja hivi katika kila ishirini waliochomwa, na ambayo wauguzi wakongwe bado wanakumbuka jinsi ilivyounguza mishipa. Baadaye ikaja feksinidazoli, vidonge vya siku kumi, iliyojaribiwa zaidi nchini Kongo kwenyewe na kuandikishwa huko mwishoni mwa mwaka 2018. Akoziboroli, inayomezwa mara moja tu, imejaribiwa pia Kongo na Guinea. Mwaka 1998 Kongo peke yake iliandikisha wagonjwa wa malale zaidi ya 26,000. Tangu mwaka 2018 Afrika nzima haifikishi 1,000 kwa mwaka. Uganda imethibitishwa kuyashinda malale ya gambiense kama tatizo la afya ya jamii mwaka 2022, na Kenya ikapata uthibitisho wake kwa aina nyingine ya malale, ile ya rhodesiense, mwaka 2025.

Mafanikio hayo yana upande wake wa kiza. Ugonjwa ukiadimika, husahaulika, na kinachosahaulika hakipimwi. Mwaka 2010 watafiti walionyesha hatari nyingine: damu ya wagonjwa wa malale kutoka Kongo iliwadanganya wenye kupima VVU, kwani vipimo vya haraka vilitoa jibu la ndiyo kwa watu wengi ambao hawakuwa na virusi hivyo. Malale huujaza mwili kingamwili za kila namna, na kipimo hakitambui zipi ni za nani. Mtu angeweza kuambiwa ana sida, kama wasemavyo Kivu, akaanza kufukuzwa na ukoo, huku akifa kwa ugonjwa unaotibika. Ndiyo maana kupima VVU mara moja tu na kutoa hukumu ni kosa popote pale, na kosa zaidi Kongo.

Tena VVU vyenyewe si vingi kama jirani wanavyofikiri. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2013 na 2014 ulikuta asilimia 1.2 ya watu wazima wa Kongo wana virusi, wakati Uganda, saa chache tu kwa gari kupitia mpaka wa Kasindi, inakaribia asilimia 5. Asilimia ndogo husikika kama habari njema. Katika kituo cha afya kijijini maana yake ni nyingine: muuguzi havifikirii VVU mapema, wafadhili wakubwa hupeleka fedha kwingine, na mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, kwa mfano, ulielekeza nguvu zake Kinshasa, Haut-Katanga na Lualaba. Mgonjwa hupimwa akiwa amechelewa, mara nyingi wakati kichwa kimeshaanza kuuma.

Hapo ndipo Oicha inakutana na Brazil. Wageni waliolala katika miili ya watu wa Beni wana majina mengine: bakteria wa kifua kikuu, toksoplazma, na kriptokokasi, ukungu unaovutwa kwa pumzi na kutua kwenye utando wa ubongo. Kifua kikuu huweza kuamka mapema zaidi, lakini wengine husubiri mlango ule ule wa CD4 200, au chini zaidi. Na kwa wote dawa na vipimo vipo. Kotrimoksazoli, ambayo kila duka la dawa la Beni huiita Bactrim, huzuia toksoplazma na ile nimonia ya Pneumocystis. Kriptokokasi hugunduliwa kwa tone la damu na kijiti cha karatasi kwa dakika kumi, kabla hata mgonjwa hajaumwa. Na kwa walioumwa, jaribio lililofanyika Malawi, Uganda, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini lilionyesha kwamba dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu, pamoja na vidonge, inafanya kazi ya sindano za wiki nzima. Dawa hiyo hiyo ndiyo ya kala azar. Kuipata Oicha ni habari nyingine.

Eneo hili limeona pia aliyejificha ambaye hakuna mtu aliyemtarajia. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 1, 2018 kutoka Mangina ulifika Oicha mwezi huo huo, na daktari akawa miongoni mwa walioambukizwa; Shirika la Afya Duniani lilieleza wakati ule kwamba mji ulikuwa umezungukwa karibu pande zote na wapiganaji wa ADF. Ulipotangazwa kwisha Juni 25, 2020, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Kumbe virusi havikuwa vimeondoka vyote. Vilibaki katika manii, macho na ubongo wa baadhi ya waliopona. Mwanamume mmoja aliyepona aliugua upya baada ya miezi sita hivi, akafa, na mnyororo ulioanzia kwake ukafikia watu 91. Butembo Februari 2021, Beni Oktoba 2021, Beni tena Agosti 2022: kila mara uchunguzi wa vinasaba ulirudisha kidole kwenye mlipuko ule wa zamani. Nchini Liberia, miongoni mwa wanaume waliopona ambao manii yao ilibaki na mabaki ya virusi muda mrefu kupita kawaida, alikuwemo aliyeishi na VVU. Funzo la Lassance limejirudia hapa kwa lugha nyingine.

Lakini Chagas ina somo la pili, ambalo halisemwi sana. Brazil ilipoanza kugawa dawa za VVU bure kwa wote mwaka 1996, mwenye Chagas aliyezimeza kila siku hakuwa tena na sababu kubwa ya kuogopa kimelea chake. Wanaoamkiwa ni wale wasiojua kuwa wana VVU, walioacha dawa, au waliokatiwa. Kimelea hakikubadilika, kilichobadilika ni kama mlinzi yuko kazini. Kwa hiyo anayetaka kujua hatari ya magonjwa haya Oicha asianze na maabara. Aanze na barabara.

Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yamekuwa yakizunguka Beni, Mbau, Oicha na Eringeti. Mkulima wa kakao haendi shambani, familia nzima inalala katika darasa la shule, vituo vya afya vya pembezoni vinafungwa kwa wiki au kwa miezi. Hali ya dharura ya kijeshi ilitangazwa Mei 2021, na Novemba mwaka huo majeshi ya Kongo na Uganda yakaanza operesheni ya pamoja iliyoitwa Shujaa. Watu wameendelea kukimbia. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ikaangukia mikononi mwa waasi wa M23, uwanja wake wa ndege ukafungwa na utawala wa mkoa ukahamia Beni. Mwezi huo huo Marekani ilisitisha misaada yake ya nje. Mwenye VVU hahitaji kusoma magazeti kuyajua hayo. Anayajua anapofika kwa muuguzi na kuambiwa apokee vidonge vya wiki mbili, arudi.

Vita na malale vilishafanya mchezo huu kwingine. Huko Uele, kaskazini-mashariki, Madaktari Wasio na Mipaka walilazimika kusimamisha tiba ya malale mwaka 2009 kwa sababu ya mashambulizi ya waasi wa LRA. Walichojifunza Kinshasa kuhusu VVU kinafaa zaidi mahali kama Oicha kuliko Kinshasa kwenyewe: tangu mwaka 2010, kwa kushirikiana na mtandao wa watu wanaoishi na VVU, walianzisha vituo vya mitaani viitwavyo PODI, ambako mgonjwa aliyetulia huchukua vidonge vya miezi mitatu kutoka kwa mwenzake, bila foleni ya hospitali. Shirika la Afya Duniani limekubali kwamba mgonjwa wa namna hiyo anaweza kupewa hata vya miezi sita kwa mkupuo. Anayekimbia usiku kuelekea Beni na dawa za miezi mitatu mfukoni ameondoka na kinga yake. Aliyeachiwa za wiki mbili ana siku kumi na nne.

Chupa ya vidonge 90 hata hivyo hutoa sauti inapotikisika. Katika darasa wanamolala familia sita, sauti hiyo inatosha kumtambulisha mtu, na wapo wanaohamishia vidonge kwenye kitambaa au mfuko wa plastiki ili visilie. Humo joto na unyevu wa Oicha huvifikia.